Tuache Kuuogopa Mlio, Tuulize Kuhusu Anguko

Mtu akikunja kifundo cha mkono na kukisikia kikialika, jambo la kwanza analolifikiri ni kwamba kuna kitu kimeharibika. Fikra hiyo ni ya kawaida Nyasura, mjini Bunda, kama ilivyo ya kawaida Dar es Salaam au London. Mlio unatoka ndani, hauonekani, na mwenye mkono hana njia ya kuukagua kama anavyokagua jeraha. Ndipo maelezo yanapojileta yenyewe: mafuta ya viungo yamekauka, mifupa inasagana, kalsiamu imepungua, uzee umebisha hodi. Maelezo hayo husemwa barazani, husemwa dukani, na kwa masikitiko yangu husemwa pia na baadhi yetu tuliovaa koti jeupe. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba karibu yote si ya kweli, na kwamba ubaya wake hauishii katika kuwatia watu hofu ya bure. Yanatufanya tumhangaikie yule ambaye mkono wake unalia bila kumuuma, na kumpita kimya kijana aliyeanguka na pikipiki wiki tatu zilizopita, ambaye mkono wake haulii sana lakini una mfupa uliovunjika.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia wapi. Neno kiwiko lina watu wanaolitumia kwa kifundo cha mkono, na wengine, nadhani ndio wengi leo, wanaolitumia kwa kisugudi. Kwa hiyo mhudumu makini humwomba mgonjwa aonyeshe kwa kidole. Hapa nazungumzia mahali saa inapofungwa. Pale hapana kiungo kimoja kama bawaba ya mlango. Kuna mifupa midogo 8 iliyopangwa katika safu mbili, kati ya mifupa miwili ya kigasha na mifupa 5 ya kiganja. Imefungamanishwa kwa ligamenti, yaani kamba fupi na ngumu zinazoshika mfupa kwa mfupa, na mkono unapojongea mifupa hiyo huteleza, huinama na kuinuka, kila mmoja kwa kiasi chake. Juu yake hupita kano, zile nyuzi ngumu zinazopeleka nguvu ya misuli kwenye vidole. Za upande wa nyuma wa mkono peke yake hupita katika mifereji 6 myembamba. Vitu vingi namna hiyo vikipishana katika nafasi ndogo, la kushangaza lingekuwa ukimya.

Mlio unaojulikana vyema zaidi kwa sayansi ni ule wa vidole. Mwaka 1947, watafiti Roston na Wheeler Haines wa Hospitali ya St Thomas, London, walivivuta vidole vya watu huku wakipima nguvu ya mvuto na kupiga picha za eksirei. Waliona kwamba kidole kinapoalika, nafasi kati ya mifupa huongezeka ghafla na gesi hutokea ndani yake. Mwaka 1971, Unsworth na wenzake wa Leeds walieleza kwamba mlio unatoka pale kiputo cha gesi hiyo kinapoporomoka, na kwamba sehemu yake kubwa ni kabonidioksaidi. Maelezo hayo yalitawala kwa zaidi ya miaka 40. Kisha mwaka 2015 Kawchuk na wenzake wa Alberta, Kanada, wakautazama mkono ndani ya mashine ya picha za sumaku huku kidole kikivutwa, wakaona mlio unakuja wakati uwazi unapoumbika, na uwazi huo ukiendelea kuwapo baadaye. Miaka 3 baadaye Chandran Suja na Barakat wakaleta hesabu zao kutetea kwamba kiputo kikiporomoka kwa sehemu tu, hata hiyo inatosha kutoa mlio. Ubishi huo ni mtamu kwa wanafizikia. Kwetu sisi linalofaa ni lile ambalo pande zote zinakubaliana: chanzo ni gesi iliyoyeyuka katika ute wa kiungo, kama ile iliyomo ndani ya chupa ya soda, na kitendo cha kuvuta huipunguzia mgandamizo ikajitokeza. Baada ya hapo gesi huhitaji kama dakika 20 kurudi katika ute, ndiyo maana kidole kilichoalika hakikubali kualika tena papo hapo.

Hapo msomaji amepata kipimo asichokilipia. Kifundo cha mkono kikialika mara moja, kisha kikakaa kimya kwa robo saa au zaidi hata ukikizungusha vipi, ulichosikia huenda ni gesi. Kikialika kila unapokigeuza, mara kumi kwa mara kumi, basi si gesi: ni kano inayoruka juu ya tuta la mfupa na kurudi, au mfupa mmojawapo unaohama kidogo kutoka mkao mmoja kwenda mwingine. Huu wa pili nao, usipokuwa na maumivu wala historia ya kuumia, kwa kawaida hauna madhara. Watu wenye viungo vilegevu kwa maumbile, hasa wasichana na vijana, huwa nao kwa miaka mingi bila hasara.

Je, kuvialisha viungo huleta baridi yabisi? Jibu lililo maarufu zaidi limetoka kwa daktari wa Marekani, Donald Unger, aliyevialisha vidole vya mkono wa kushoto tu kwa miaka ipatayo 50 na kuuacha wa kulia, kisha mwaka 1998 akaandika kwamba hakuona tofauti kati ya mikono yake miwili. Mwaka 2009 alipewa Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mtu mmoja si ushahidi, lakini mwaka 2011 deWeber na wenzake waliwachunguza watu 215 kwa picha za eksirei, wakakuta ugonjwa wa kulika kwa gegedu za vidole hauwazidi wanaovialisha kuliko wasiovialisha. Ipo sauti moja iliyopinga: mwaka 1990, Castellanos na Axelrod waliwachunguza watu 300 na kukuta waliokuwa na mazoea hayo wana uvimbe zaidi wa mikono na mshiko dhaifu zaidi, ingawa nao hawakuona ongezeko la ugonjwa wa kulika kwa viungo. Nautaja utafiti huo kwa makusudi, kwa sababu mtu anayevialisha vidole kutwa nzima kwa nguvu hana haki ya kutumia makala haya kama kibali. Tafiti hizi ni za vidole. Kuzihamishia kwenye kifundo cha mkono ni hukumu yangu ya kitabibu, ila sijaona sababu ya msingi ya ute wa kifundo kuwa na tabia tofauti na ute wa kidole.

Sasa turudi kwenye mafuta. Ute wa viungo si mafuta, wala haukauki kama grisi kwenye mnyororo wa baiskeli. Hutengenezwa na utando laini unaouzunguka kiungo kwa ndani, na kiasi chake ni kidogo mno: hata goti, kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, likiwa zima lina mililita chache tu. Ute ukiongezeka sana ndipo tunapoanza kuwa na wasiwasi, maana hiyo ni dalili ya kiungo kilichovimba. Hakuna chakula cha mafuta kinachoshuka kutoka tumboni kwenda kulainisha kifundo cha mkono. Kalsiamu nayo ni muhimu kwa uimara wa mfupa, na wakazi wa mwambao wa Ziwa Viktoria wanaipata kwa wingi wanapokula dagaa pamoja na mifupa yake. Lakini haina kazi katika kuzuia mlio. Kwa hiyo mama anayetumia fedha za pamba, zilizochelewa kuja na zitakazowahi kwisha, kununulia kopo la virutubisho kwa sababu mkono wake unaalika anapogeuza mwiko, ananunua kitu asichokihitaji kwa tatizo asilokuwa nalo. Muuzaji ana lake la kujibu. Lakini aliyemwambia kwamba mafuta yamepungua, akiwa ameketi nyuma ya meza yenye kipimo cha shinikizo la damu, ana kubwa zaidi.

Ipo sauti moja, hata hivyo, ambayo nataka isidharauliwe, nayo hailii ka! Hukwaruza. Ukiweka kiganja chako juu ya kigasha cha mgonjwa, vidole kadhaa juu ya kifundo, upande wa dole gumba, kisha ukamwomba akunje na kukunjua mkono, unahisi kitu kama ngozi mpya ya kiatu inayosuguana. Hizo ni kano zilizovimba, na utando unaozifunika hauna tena ulaini wake. Vitabu vya tiba vya Ulaya huuhusisha ugonjwa huu na wapiga makasia, wainua vyuma na vibarua wa mashambani. Sioni haja ya kwenda Ulaya. Wilaya ya Bunda inalima pamba kwa jembe la mkono na kuichuma kwa vidole, kitumba kwa kitumba. Kwenye Ghuba ya Speke watu huvuta nyavu usiku kucha. Na katika nyumba nyingi za Mara ng'ombe hukamuliwa alfajiri na jioni. Kazi hizi zote hurudia mwendo mmoja wa kifundo mara mamia kwa siku. Mkono haukusudiwi kuogopa kazi, na mtu aliyeizoea haumii kwa urahisi. Anayeumia mara nyingi ni yule aliyepumzika miezi kadhaa kisha akarudi shambani kwa pupa mvua za kwanza zilipoanguka, au aliyepewa ghafla kazi ya mtu mwingine.

Jirani wa ugonjwa huo ni ule uliopewa jina la de Quervain, mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Hapo huvimba kano mbili zinazolivuta dole gumba, na maumivu hukaa upande wa mkono ulio juu ya dole hilo. Tunauona sana kwa kina mama wenye watoto wachanga, kwa sababu ya kumnyanyua mtoto kwa kumshika chini ya makwapa huku dole gumba limetanuliwa. Mama huyo akiambiwa kwamba ameingiwa na baridi ya uzazi, atajifunika na kuvumilia. Akipewa kibao laini cha kutuliza dole gumba na kifundo kwa wiki chache, akafundishwa kumpakata mtoto kwa kupitisha kigasha chini yake, wakati mwingine na sindano moja mahali penyewe, wengi hupona. Katika magonjwa haya mawili dawa ya kwanza ni kupumzisha mkono. Diklofenaki hutuliza kwa siku chache, lakini kumeza diklofenaki asubuhi ili mtu aende kulima mchana ni kuuzima mlio wa king'ora na kuuacha moto.

Nafika sasa kwenye anguko, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika. Mtu anapoanguka hutanguliza kiganja. Ndivyo aangukavyo mtoto kutoka kwenye mwembe, mama aliyeteleza na ndoo ya maji, na mwendesha bodaboda kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, ambayo hupita katikati ya mji wa Bunda. Mzito wote wa mwili hutua kwenye mfupa mmoja mdogo ulio chini ya dole gumba, unaoitwa skafoidi. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki la chombo cha majini, kwa kuwa mfupa wenyewe umejipinda kama mtumbwi. Katika mifupa 8 ya kifundo, huo ndio unaovunjika mara nyingi kuliko mingine yote, na wanaouvunja zaidi ni vijana wa kiume.

Una tabia tatu mbaya. Ukivunjika, mkono hauwi na umbo la ajabu, wala hauvimbi sana, na mtu huweza kuendelea kuutumia akidhani ni mshtuko. Pili, picha ya eksirei ya siku ya kwanza mara kadhaa huonyesha mfupa mzima, kwa sababu ufa ni mwembamba kuliko unywele. Ufa huo huonekana picha ikirudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Tabia ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Damu huuingia mfupa huu kwa sehemu kubwa kutoka upande wa vidole na kurudi nyuma kuelekea kwenye kigasha, hivyo ukikatika katikati, kipande cha nyuma huweza kukosa damu kikafa. Mfupa usiounga huvuruga mwendo wa mifupa yote iliyobaki, na baada ya miaka kadhaa kifundo hulika, hukakamaa, na sasa hulia kweli. Mlio huo mtu wa miaka 35 anaousikia si wa uzee. Ni wa pikipiki ya miaka 10 iliyopita.

Kuugundua si kazi ya daktari bingwa. Mwambie mgonjwa anyanyue dole gumba kwa nguvu, utaona kishimo kati ya kano mbili chini yake. Wazungu wa zamani walikuwa wakiweka ugoro humo kabla ya kuuvuta puani, na wazee wetu wanaotumia ugoro bila shaka watakielewa kishimo hicho haraka kuliko wanafunzi wangu. Bonyeza hapo. Akishtuka kwa maumivu baada ya kuanguka, mchukulie kuwa amevunjika mpaka ithibitike vinginevyo: funga mkono kwa plasta ngumu au kibao, na mpe tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili hata kama picha ya kwanza ni safi. Mfupa uliokaa mahali pake huunga kwa wengi, lakini hudai uvumilivu wa wiki 6 hadi 12 ndani ya plasta, wakati mwingine zaidi. Uliohama huhitaji upasuaji, yaani safari ya hospitali ya rufaa, Musoma au Bugando.

Anguko hilohilo huweza kuuacha mfupa na kuikata ligamenti inayounganisha skafoidi na jirani yake, lunati. Hapa ndipo mlio unapokuwa na maana. Mgonjwa anasikia kishindo kizito, kama kitu kinachohama na kurudi, kila anapokaza mshiko au kujiinua kutoka mkekani kwa kutegemea kiganja. Kinamuuma, na mkono unamwangusha. Akipigwa picha huku amekunja ngumi, uwazi kati ya mifupa hiyo miwili huonekana mpana kuliko kawaida. Upande wa kidole cha mwisho pia kuna gegedu ya pembetatu inayoweza kuchanika, nayo hujulikana kwa maumivu ya kukamua nguo au kusonga ugali mzito wa muhogo na mtama.

Nafahamu kwamba kabla ya kufika zahanati wengi hukandwa nyumbani. Sina ugomvi na maji ya moto kwenye mkono uliochoka. Ninachokipinga ni kuuvuta mkono ulioanguka mpaka ulie, kwa imani kwamba mlio ni ishara ya mfupa kurudi. Kama tulivyoona, kiungo kizima kikivutwa nacho hulia, kwa sababu ya gesi; kwa hiyo mlio huo haumthibitishii mkandaji lolote, na kwenye mfupa wenye ufa mvuto huo waweza kukitenganisha kilichokuwa bado kimeshikana. Wakandaji wengi ni watu wenye heshima na wenye mikono yenye akili. Wakiambiwa sababu, wengi watakubali kuuacha mkono wa siku za kwanza baada ya anguko. Wakipuuzwa na kukaripiwa hawatakubali, na mimi ningekuwa wao nisingekubali.

Yapo machache mengine ya kukumbuka. Vifundo viwili vya mikono vinavyovimba pamoja na kukakamaa kila asubuhi kwa saa nzima au zaidi vinahitaji uchunguzi wa baridi yabisi ya kinga ya mwili. Kifundo kimoja kinachovimba polepole kwa wiki kadhaa bila kuumia huweza kuwa na kifua kikuu, ambacho hakiishi kifuani tu. Kilichovimba ghafla, kikawa cha moto, na mwenyewe ana homa, ni cha kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Wenzangu wataniuliza: je, zahanati yenye mhudumu mmoja na foleni ya wajawazito na watoto wenye homa ina nafasi ya kuhangaikia vifundo vya mikono? Nafasi ipo, maana ninachokiomba hakizidi dakika mbili. Mgonjwa akisema mkono unalia, badala ya kumweleza habari za mafuta, aulizwe kama unauma na kama aliwahi kuuangukia. Jibu la yote mawili likiwa hapana, aambiwe waziwazi kwamba hana ugonjwa na arudi nyumbani na fedha zake. Likiwa ndiyo, kibonyezwe kile kishimo. Kazi ngumu iko kwenye ile picha ya pili, kwa sababu kijana wa bodaboda aliyekwisha kulipia picha moja na kuambiwa yuko salama haoni kwa nini alipie nyingine, na siku asiyoendesha ni siku asiyokula. Hapo ningependa kuona utaratibu ambao malipo ya picha ya kifundo baada ya anguko yanahesabiwa mara moja kwa picha zote mbili, na tarehe ya kurudi inaandikwa juu ya plasta yenyewe kwa kalamu ya wino mzito, mahali ambapo yeye, abiria wake na mama yake nyumbani wataisoma kila siku.